Mshono umepona, tumbo bado linasumbua: mwongozo kamili wa matatizo yanayochelewa baada ya kutolewa kidole tumbo

Katika wodi ya upasuaji, swali tunalomuuliza mgonjwa aliyepasuliwa tumbo kila asubuhi ni hili: "Umeshajamba?" Ndugu waliokuja kumwona huangalia pembeni kwa haya. Sisi wauguzi hatuna haya nalo. Hewa ikitoka, tumejua utumbo umeamka na chakula kina njia. Naanza na swali hilo kwa sababu litakufaa hata miaka 15 baada ya operesheni, siku utakapokuwa mbali na wodi na tumbo limeanza kusokota.

Wengi wanaotolewa kidole tumbo hupona na kusahau kabisa. Wachache hurudi. Na katika hao wanaorudi, nimeona kwamba aliyeumia zaidi si lazima awe yule mwenye tatizo kubwa. Mara nyingi ni yule aliyezungushwa: akapewa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha ya amiba, kisha ya vidonda vya tumbo, na kote huko hakuna aliyeuliza kovu lile la upande wa kulia lilitoka wapi. Mwongozo huu ni wa mgonjwa na anayemuuguza nyumbani. Hauchukui nafasi ya daktari. Unakusaidia kumfikia mapema, ukiwa na maneno sahihi mdomoni.

Hatua ya kwanza: hesabu siku, kisha tafuta karatasi

Kabla ya kutaja ugonjwa wowote, jiulize ni muda gani umepita tangu upasuaji. Muda ndio unaotuonyesha pa kutazama. Mshono ukioza, kwa kawaida hujionyesha kati ya siku ya 4 na ya 10. Jipu la ndani ya tumbo huanza kusumbua kuanzia siku ya 5 hadi wiki ya pili au ya tatu. Utumbo kushikana na kuziba kunaweza kutokea wiki chache baada ya upasuaji, mwaka mmoja baadaye, au mtu akiwa na wajukuu. Ngiri ya kovu huchukua miezi hadi miaka. Maumivu ya mishipa ya fahamu huanza mapema, lakini mtu huja kuyalalamikia miezi baadaye, akiwa ameshachoka kusubiri yaishe yenyewe.

Kisha tafuta karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa. Kama unatibiwa kwa daftari, andika mambo haya kwenye ukurasa wa kwanza: tarehe ya upasuaji, kama kidole kilikuwa kimepasuka au kilikuwa kizima, kama ulipasuliwa kwa mkato mmoja au kwa matundu madogo, kama uliwekewa mpira wa kutoa usaha, na kama kidole kilipelekwa maabara. Hilo la kupasuka ndilo zito kuliko yote. Aliyetolewa kidole kilichopasuka na kumwaga usaha tumboni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata karibu kila tatizo nitakalolitaja hapa. Kama hujui, rudi ukaulize. Ni haki yako, na kumbukumbu za chumba cha upasuaji huandikwa.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Ukiona mojawapo ya hizi, ondoka sasa, hata kama ni usiku na nauli ni ya kukopa:

- kutapika kunakoendelea, hasa matapishi ya kijani au yenye harufu ya choo
- tumbo limejaa na kukaza, na hakuna choo wala hewa inayotoka
- maumivu yaliyokuwa yanakuja na kuondoka sasa yametulia mahali pamoja na hayaachi
- uvimbe kwenye kovu umekuwa mgumu, unauma na haurudi ndani
- homa ya kutetemeka, au macho kuwa ya njano
- ngozi ya mshono inageuka nyeusi au zambarau, au ina malengelenge, na inauma kupita unavyoiona
- mguu mmoja umevimba na kuuma, au kifua kinabana ghafla na pumzi haitoshi
- choo au maji ya utumboni yanatoka kwenye mshono

Kwa mtoto ongeza hili: mtoto aliyepasuliwa tumbo akitapika kijani, hata mara moja tu, mpeleke. Usisubiri ya pili.

Mshono unaotoa usaha

Hili ndilo tatizo la kawaida zaidi, na kwa bahati nzuri ndilo linalopona vizuri zaidi likishughulikiwa sawasawa. Mshono unakuwa mwekundu, kwa ngozi nyeusi unaonekana umeiva na kung'aa, una joto, unavuta, kisha unaanza kuvuja. Mtu anakwenda duka la dawa anapewa vidonge. Vidonge peke yake havitoshi. Usaha uliofungiwa chini ya nyuzi unataka mlango. Kituoni watafungua nyuzi chache, watakamua na kuosha, na wataacha kidonda wazi kijijaze chenyewe kutoka chini kwenda juu. Mgonjwa anashtuka: "Sista, mbona mmenifumua?" Ndiyo tiba yenyewe. Kikifungwa juu kabla ya chini kujaa, usaha utarudi.

Dawa za antibayotiki huongezwa pale wekundu unaposambaa kuzunguka kidonda, au mgonjwa akiwa na homa, au akiwa na kisukari au kinga dhaifu. Kama usaha umetoka wote na mgonjwa hana homa, kusafisha kila siku mara nyingi kunatosha. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda kama hukumbuki ulichanjwa lini.

Kidonda kilichoachwa wazi kinaweza kuchukua wiki 3 hadi 6 kupona, na si kila mtu anaweza kulipa nauli ya kwenda kituoni kila siku. Kwa hiyo muuguzi akikuruhusu kusafishia nyumbani, fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kata kucha, vua pete. Ukiwa na glavu, vaa.
2. Toa gozi ya jana. Ikiwa imeganda, iloweshe kwanza. Ukiivuta kavu unang'oa nyama mpya.
3. Tazama na unuse. Nyama nyekundu yenye unyevu ni habari njema. Utando wa kijani, harufu mbaya, au shimo linaloongezeka kina, ni safari ya kurudi kituoni.
4. Osha kwa maji ya chumvi ya hospitali. Ukiyakosa, chemsha nusu lita ya maji safi pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kijiko sawa na ukingo, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, na utengeneze mapya kila siku.
5. Weka gozi iliyoloweshwa kwa maji hayo na kukamuliwa, ijaze shimo bila kushindiliwa, kisha funika kwa gozi kavu.
6. Gozi chafu ifungwe kwenye mfuko na kuchomwa au kufukiwa, isitupwe jalalani wanapochezea watoto.

Nakuomba sana kitu kimoja. Usipasue kapsuli za rangi mbili na kunyunyizia ule unga kwenye kidonda. Najua ni desturi, bibi zetu walifanya, na kidonda huonekana kimekauka. Kinachokauka ni juu. Unga ule unaganda kama ukoko na usaha unabaki chini yake. Vivyo hivyo majivu, dawa ya meno, na spiriti ya kumiminia ndani, ambayo inaunguza nyama changa inayojaribu kuota.

Wapo ambao mshono ulipona, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu kipele kinatokea palepale, kinatumbuka, kinatoa usaha kidogo na kufunga. Mara nyingi humo ndani kuna uzi usioyeyuka ambao mwili unaukataa. Daktari ataweka ganzi, atauchomoa, na hadithi itaisha. Ikiwa hakuna uzi na kidonda hakifungi miezi kadhaa, lazima kinyofu cha nyama kipelekwe maabara, kwa sababu kifua kikuu hakikai kifuani tu. Nacho kina tiba.

Choo kikionekana kwenye mshono, maana yake utumbo umetoboka na kujitengenezea njia hadi nje. Inatisha, lakini njia nyingi za namna hiyo hujifunga bila upasuaji mwingine, ilimradi mgonjwa ashibe, maji na chumvi za mwili zirekebishwe, usaha wa ndani utolewe, na mbele ya tundu kusiwe na kizuizi. Hii ni kazi ya hospitali yenye daktari bingwa. Wewe uliye nyumbani, paka ngozi ya kuzunguka marhamu ya zinki ili isiungue na maji ya utumbo, na usimnyime chakula kabla hujaambiwa.

Jipu lililojificha ndani

Mgonjwa ameruhusiwa siku ya 3, mshono ni mzuri. Siku ya 8 homa inaanza, inapanda jioni, inashuka alfajiri na jasho. Hana hamu ya kula. Hapo ndipo kuzungushwa kunapoanzia. Ni kweli kwetu homa hupimwa malaria, na ipimwe. Ila kipimo cha malaria kikisoma chanya hakifuti jipu, na kikisoma hasi kisigeuzwe taifodi kwa kukisia. Homa baada ya upasuaji wa tumbo itafutiwe jibu tumboni kwanza.

Jipu likikaa chini kabisa, nyuma ya kibofu, linaugusa utumbo wa haja kubwa na kuukera. Mgonjwa anakwenda chooni mara kwa mara, kinatoka kidogo chenye kamasi, na mkojo unabana. Anaambiwa ni amiba. Kuhara kwa kamasi pamoja na homa, wiki moja au mbili baada ya kutolewa kidole tumbo, ni jipu la nyonga mpaka ithibitike vinginevyo. Daktari akisema anataka kupima kwa kidole njia ya haja kubwa, mkubalie. Kwa kipimo hicho kisicho na gharama anaweza kuligusa jipu.

Kinachofuata ni altrasaundi, au siti skani palipo nayo. Jipu dogo, lisilozidi takriban sentimita 3, mara nyingi huyeyuka kwa antibayotiki za mshipa. Seftriaksoni pamoja na metronidazoli ni mchanganyiko unaotumika sana kwetu. Kubwa zaidi ya hapo linahitaji kutolewa usaha: kwa sindano na mpira mwembamba vinavyoongozwa na altrasaundi, au kupitia njia ya haja kubwa likiwa limening'inia huko, au kwa kufungua tumbo tena pale njia nyingine hazipo. Usaha ukishatoka vizuri, siku 4 hadi 7 za dawa kwa kawaida zinatosha. Wiki tatu za sindano bila kutoa usaha haziponyi jipu kubwa. Zinalituliza tu, na dawa ikiisha homa inarudi.

Ukirudishwa nyumbani na mpira, andika kila asubuhi kiasi kilichotoka na rangi yake, na usiuchomoe mwenyewe hata ukikauka. Unaweza kuwa umeziba tu.

Utumbo kushikana na kuziba

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu hili ndilo linaloua watu ambao hawakupaswa kufa.

Ndani ya tumbo kuna ngozi laini sana inayofunika utumbo, na ulaini huo ndio unaoufanya utumbo uteleze. Ikiguswa kwa upasuaji au ikiungua kwa usaha, hupona kwa kutoa utando wa kunata, na utando huo ukikomaa unakuwa kama kamba. Kamba inaweza kuunganisha utumbo na kovu, au utumbo na utumbo. Watu wengi waliopasuliwa wana kamba hizo na hazitawasumbua kamwe. Lakini siku moja utumbo unaweza kupinda juu ya kamba, au kupenya chini yake, na njia ikaziba. Si uchafu ulioachwa tumboni, wala si uchawi, wala kwa kawaida si kosa la daktari. Kwa kidole tumbo, inakadiriwa kuwa mmoja hadi watatu kati ya watu 100 watafika hospitali kwa sababu hii maishani mwao. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo yuko salama zaidi kidogo kuliko wa mkato.

Dalili ni nne: tumbo kusokota kwa mawimbi, kutapika, tumbo kujaa, na choo na hewa kukatika. Ila hazifiki zote kwa pamoja, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mtu anaweza kupata choo asubuhi ileile utumbo ulipoziba, kwa sababu kilichokuwa chini ya kizuizi kinaendelea kutoka. Basi nyumbani wanasema "mbona ameenda chooni" na wanamlaza. Kama njia imeziba nusu, anaweza hata kuharisha. Ndiyo maana nauliza hewa, na nauliza mara ya mwisho ilikuwa lini.

Mama mmoja alimleta kijana wake, fundi pikipiki, aliyetolewa kidole tumbo akiwa darasa la sita. Nikamuuliza, "Mama, amejamba leo?" Akajibu, "Sista, tangu juzi tumbo limenyamaza, tukampa mafuta ya nyonyo lisafishike." Mafuta hayo yalikuwa yamesukuma utumbo dhidi ya mlango uliofungwa. Kijana alipona, ila aliondoka akiwa amekatwa kipande cha utumbo.

Kwa hiyo nyumbani, ukishuku utumbo umeziba: usimpe chakula wala kinywaji, zaidi ya kulowesha midomo. Usimpe mafuta ya nyonyo, dawa yoyote ya kuharisha, wala mitishamba ya kusafisha tumbo. Usimpige bomba kwa nyuma. Usimkande tumbo. Mpeleke hospitali yenye eksirei na daktari wa upasuaji. Kama njia inapita zahanati kwanza, waombe wamwekee dripu na mpira wa puani wakati mnasubiri usafiri. Safari ya saa tatu barabarani bila dripu, huku mtu anatapika, inamfikisha akiwa amekauka. Na sentensi ya kwanza mkifika iwe hii: "Alishapasuliwa tumbo, mwaka fulani, choo na hewa vimekata tangu saa fulani."

Hospitalini, mambo huenda hivi. Anakatazwa kula. Mpira unaingizwa puani hadi tumboni, na maji ya kijani yanaanza kushuka kwenye mfuko. Mpira huo unakera koo, na wagonjwa wengi hujaribu kuuchomoa. Mshike mkono, mwambie unampunguzia mzigo na unamkinga asipaliwe na matapishi. Anawekewa dripu na mpira wa mkojo ili ijulikane kama maji yanatosha. Damu inapimwa, na potasiamu ikiwa chini inarudishwa, kwa sababu potasiamu ikishuka utumbo hulala hata pasipo na kizuizi. Picha inapigwa.

Kisha kunakuja kusubiri, na kusubiri huku ni tiba. Wengi wa wanaoziba kwa ajili ya kamba hufunguka bila kisu, ndani ya siku mbili au tatu. Hospitali nyingine humpitishia mgonjwa kwenye mpira dawa ya picha inayoyeyuka kwenye maji, kiasi cha mililita 100, kisha wanapiga eksirei baadaye. Dawa ikionekana imefika utumbo mpana ndani ya saa 24, matumaini ni makubwa kwamba njia itafunguka yenyewe. Katika siku hizo ndugu hufanya kosa moja ninaloliona sana: huruma inawashinda, wanaingiza uji ndani ya chupa ya chai. Tafadhali msifanye hivyo. Mgonjwa anapata maji na sukari kwenye dripu. Uji huo unaweza kumpalia, na ukaharibu hesabu ya daktari.

Kusubiri kuna mwisho. Homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu yasiyoacha, tumbo kuwa gumu kama ubao: hizi ni dalili kwamba damu haifiki kwenye utumbo, na hapo mgonjwa anapelekwa chumba cha upasuaji bila kungoja. Hata pasipo dalili hizo, kama saa 72 zimepita na hakuna mabadiliko, madaktari wengi huamua kupasua. Wanakata kamba, utumbo ukiwa hai wanaurudisha, ukiwa umekufa wanakata kipande na kuunga, na mara chache wanatoa choo kwenye tumbo kwa muda. Kama unajiuliza kwa nini hawapasui tangu siku ya kwanza, ni kwa sababu kila upasuaji huacha kamba mpya.

Akianza kula tena, aanze na maji, uji mwepesi, kisha vyakula laini, kidogo kidogo mara nyingi. Kwa wiki za mwanzo, na siku zote kwa mtu ambaye imemrudia, atafune sana na aachane na kumeza makapi: nyama ya chungwa, embe la nyuzi, makapi ya muwa. Watu huniuliza pia kuhusu mapera na nyanya, kwa ile imani kwamba mbegu zikimezwa huingia kwenye kidole tumbo. Mapera hayana kosa.

Mjamzito aliyewahi kupasuliwa tumbo anahitaji jicho la pekee. Mimba inapokua inauhamisha utumbo, na kamba iliyolala miaka yote inaweza kuubana. Kutapika kwa miezi ya mwanzo ni kawaida ya mimba. Kutapika kunakoanza upya mwezi wa sita au wa saba, pamoja na tumbo kusokota, si kawaida. Asiridhike na dawa ya kichefuchefu, na asiogope picha ikiwa daktari ameona inahitajika, kwa maana kuchelewa ni hatari kubwa zaidi kwake na kwa mtoto.

Ngiri ya kovu

Pale mshono ulipopita, misuli inaweza kuachana huku ngozi imepona vizuri. Ukikohoa au ukinyanyuka kitandani, uvimbe unatokea, ukilala unarudi. Hutokea zaidi kwa waliooza mshono, wenye uzito mkubwa, wavutaji sigara, wenye kikohozi cha muda mrefu, na waliorudi kubeba mizigo mapema. Waliopasuliwa kwa matundu nao huipata, hasa tundu la kitovuni. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kinachoumiza ni kule kuinyanyua kutoka chini, hata kama safari yenyewe ni fupi. Baada ya upasuaji wa mkato, wiki 4 hadi 6 mtu mwingine achote maji.

Dawa za ngiri za kunywa zinazouzwa minibusi na sokoni haziwezi kuunga misuli iliyoachana. Tiba ni upasuaji wa kupanga, kwa kawaida ukiwekewa wavu wa kuimarisha, baada ya kidonda cha zamani kuwa kimetulia kwa miezi kadhaa. Muda wa kusubiri utumie: punguza uzito, acha sigara, tibu kikohozi, sawazisha sukari. Mkanda wa tumbo unasaidia ukiwa kazini, hauponyi.

Bei ya wavu huwazuia wengi, basi uliza wazi kama kuna wa bei nafuu. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha wavu wa kawaida wa hospitali na wavu wa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa, kwa wanaume wenye ngiri ya kinena, na baada ya mwaka mmoja matokeo yalikuwa karibu sawa. Ngiri ya kovu si ileile, lakini habari hiyo inafaa kujulikana na mgonjwa aliyekata tamaa kwa sababu ya fedha.

Uvimbe usiorudi, mgumu, wenye maumivu na kutapika, usisukumwe ndani kwa nguvu wala kukandwa kwa maji moto. Nenda hospitali.

Kovu linalochoma, na kovu linalokua

Daktari wa New York aliyeitwa Charles McBurney alieleza mwaka 1894 mkato wa mshazari ambao bado unatumika. Karibu na mkato huo hupita mishipa miwili ya fahamu inayoshuka kinenani. Ikikatwa au ikikwama ndani ya kovu, mtu anahisi kuchomwa, ganzi au umeme kuelekea kinena na sehemu za siri, na altrasaundi zote ni safi. Jipime hivi: lala chali, bonyeza panapouma kwa kidole kimoja, kisha inua kichwa na mabega bila kushika kitu. Maumivu yakiongezeka, chanzo huenda kiko kwenye ukuta wa tumbo, si ndani. Mwonyeshe daktari kipimo hicho. Sindano ya ganzi penyewe panapouma huthibitisha na mara nyingi hutibu, wakati mwingine ikirudiwa. Amitriptilini kiasi kidogo, miligramu 10 hadi 25 usiku, humsaidia mtu kulala na kupunguza kuchoma, ingawa hukausha mdomo na kufunga choo. Daktari ndiye aiandike.

Kovu likivimba na kuvuka mipaka yake, likiwasha, ni keloidi. Kulikata tu hulirudisha, mara nyingi likiwa kubwa zaidi. Linaanza kutibiwa kwa sindano za triamsinoloni ndani ya kovu, kila baada ya wiki 4 hadi 6.

Kisiki kilichobaki

"Haiwezi kuwa kidole tumbo, mimi nilishatolewa." Maneno haya hayapaswi kufunga mjadala. Daktari akiacha kisiki kirefu, yaani kipande cha kidole tumbo kinachobaki pale kilipokatwa, zaidi ya milimita 5 hivi, kinaweza kuziba na kuvimba upya, miezi au miaka baadaye, kwa dalili zilezile za mwanzo: maumivu yanayoanzia kitovuni na kuhamia kulia chini, kichefuchefu, homa. Ni nadra, na kwa sababu ni nadra hucheleweshwa hadi kinapasuka. Ukizitambua dalili zile, mwambie daktari hivyo waziwazi na uulize altrasaundi au siti skani. Tiba ni kurudi kukimalizia kisiki.

Majibu ambayo hakuna aliyekufuata kukupa

Kidole kilichotolewa kinapaswa kutazamwa kwa darubini. Katika takriban kimoja kati ya 100 hukutwa uvimbe. Ukiwa wa aina inayoitwa nyuroendokrini na hauzidi sentimita 1, kule kutolewa kidole kwa kawaida kumeshakuponya. Ukizidi sentimita 2, utahitaji upasuaji mwingine. Hukutwa pia mayai ya kichocho, hasa kwa waliokulia kandokando ya Ziwa Viktoria, na hao wanahitaji prazikwanteli. Hukutwa kifua kikuu.

Majibu hayo huchukua wiki kadhaa, wewe ukiwa umesharudi nyumbani na simu yako pengine haikuandikwa. Yafuate mwenyewe, uombe nakala, uibane kwenye ukurasa ule wa kwanza wa daftari. Na kama ulikuwa na jipu la kidole tumbo likatibiwa kwa dawa bila kidole kutolewa, nawe umevuka miaka 40, muulize daktari kuhusu kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, hata kama huumwi tena.